Wote Mlio Humu Ndani

Mkokoteni ulikuwa mzito kuliko vitu vilivyokuwa juu yake. Wekulo ndiye aliyeligundua hilo, maana ndiye aliyekuwa akiuvuta. Alikuwa amehamisha watu Kibera miaka mingi na alijua uzito wa godoro na uzito wa kabati la vyombo. Walipofika Dagoretti Corner aliushusha, akazunguka nyuma kuangalia.

"Mama Aketch, kuna mtu amepanda huku?"

"Nani apande, na sisi wote tunatembea?" Amolo alimjibu akicheka.

Wekulo alijifuta jasho, akavuta tena. Hakuuliza swali lingine mpaka Kawangware 46, walikokuwa wanahamia, ila kila baada ya muda aligeuza shingo kama mtu anayefuatwa na mbwa.

Kusema kweli, sijaona mwanamke aliyepanga kuhama kama Amolo. Sahani alizifunga kwa leso moja moja, glasi akazitia ndani ya soksi za mumewe, na kila gunia akalifunga uzi wa rangi yake ili ajue la jikoni ni lipi na la nguo ni lipi. Pazia, kamba ya kuanikia, hata balbu, vyote alivifungua mwenyewe. Obonyo, mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, kazi yake ilikuwa kuambiwa shika hapa, weka pale. Tena Amolo aliandika namba yake ya simu kwa rangi kwenye mlango wa ile nyumba waliyokuwa wanatoka, Gatwekera huko Kibera, wateja wa Obonyo wasije wakapotea. Aliandika yake kwa sababu simu ya Obonyo haikai na chaji.

Kitu kimoja tu kilimponyoka. Asubuhi ile Adero, mama mdogo wa Obonyo, bibi wa maombi anayekaa mtaa wa Satellite, alikuwa amempigia Amolo simu kumkumbusha.

"Vitu vikishatoka, usimame mlangoni uite watu wako. Kila mtu kwa jina lake. Hasa mtoto. Kivuli cha mtu hakijui mmehama mpaka kiambiwe."

"Sawa mama, nimeskia."

Alikuwa amesikia, na alinuia kufanya hivyo. Lakini mawingu yalijaa ghafla, Wekulo akawa anapiga kelele kwamba mvua itaharibu godoro, na Aketch, binti yao mdogo, alikuwa amelala fofofo begani kwa babake. Amolo alichungulia ndani ya chumba kitupu akaita kwa haraka: "Haya, wote mlio humu ndani, twendeni!" Kisha akavuta mlango. Namlaumu, na tena simlaumu. Nani hajawahi kuhama huku mawingu yakimtisha?

Nyumba mpya ilikuwa ya mawe, na bomba la maji lilikuwa hapo hapo kwenye ploti. Amolo alipanga vyombo akiimba. Jioni alisikia harufu ya udongo uliolowa, ile harufu ya kuta zao za Gatwekera mvua inapopenya. Akanusa magunia, akanusa godoro. Yote yalikuwa makavu.

"Unaskia hiyo?" akamuuliza Obonyo.

"Ni pua zako hazijahama," Obonyo akasema, naye akafungua dirisha.

Aketch alipoamka hakuuliza wako wapi. Huyu alikuwa mtoto wa maswali, mtoto wa kukukera mpaka utamani kumziba mdomo. Sasa aliketi kitandani akitazama pembe ya chumba. Amolo alimwita jina hakugeuka, akamwita tena hakugeuka, mpaka akamgusa bega na kukuta ngozi yake baridi kama sakafu. Alipopewa ugali aliumega katikati, akala nusu, nusu nyingine akaisukuma chini ya kitanda.

"Unampa nani?"

Mtoto aliinama akachungulia huko chini. Na kutoka chini ya kitanda Amolo akasikia kitu kikitafuna, polepole, bila haraka.

Obonyo alimulika kwa simu, asione panya wala ugali. Tangu jioni hiyo hawakutulia. Amolo angeweka sufuria mezani na kuikuta mlangoni, angekunja nguo na kuzikuta zimefungwa upya ndani ya leso kwa fundo ambalo si lake, kana kwamba kuna mtu mwingine humo ndani ambaye hakuamini kwamba wamefika na bado alikuwa anahama. Na jioni ya siku ya tatu, jua lilipokuwa linazama, ile harufu ya udongo ilipanda mpaka inakaba koo, na ukutani, ukuta wa mawe ambao hauwezi kukwaruzika hivyo, kucha zilikwaruza kuanzia dirishani zikiteremka hadi kwenye kile kitanda ambacho Aketch alikuwa amekikalia, na godoro kando yake likabonyea taratibu kama mtu mzima ameketi, na mtoto, bila kushtuka, akasogea kumpa nafasi. Amolo alimnyakua akakimbia naye nje. Mikononi mwake alikuwa mwepesi mno. Alijua anambeba mtoto wake, na alijua kwamba mtoto wake hayumo.

Alikuwa angali nje pale bombani, amemkumbatia, simu ilipolia.

"Pole, mama, hunijui," sauti ya mwanamke ilinong'ona. "Naitwa Kavetsa. Nimeingia ile nyumba mlitoka. Namba nimeitoa kwa mlango. Mlisahau kitu huku?"

"Kitu gani?"

"Kuna mtoto analia ndani na mimi simwoni. Kila kukianza giza. Anaita mama. Anasema anataka ndara zake za njano."

Ndara za njano zilikuwa miguuni mwa Aketch.

Adero alikuja siku iliyofuata na rozari yake na kanzu nyeupe. Alisimama mlangoni, akanusa, akakataa kuingia.

"Uliwaita vipi?" akauliza.

Amolo alimwambia. Yule mama alifumba macho.

"Uliita wote, wakaja wote. Hata yule hakuwa wako. Jini la watu, limekaa pale labda kabla Gatwekera haijajengwa, halijawahi kuambiwa twende na mtu yeyote, na wewe ukaliambia. Na mtoto alikuwa amelala, kivuli chake hakikukuskia, kikabaki. Sasa hili limekalia nafasi yake."

"Nifanye nini, mama?"

"Rudi naye. Hilo jini litajua ni kwake na litakaa. Weka ndara nje, umwite mtoto wako kwa jina mpaka akuje. Lakini huyo Kavetsa umwambie ukweli wote, unaskia? Siku akihama, aite watu wake kwa majina. Asifanye kama wewe."

"Nitamwambia."

Amolo na Aketch walikwenda mchana, manyunyu yakianza. Kavetsa alikuwa msichana tu, mtoto mchanga mgongoni, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimshika Amolo mikono yote miwili kama ndugu.

"Ni nini, mama? Niambie tu."

Amolo alifungua mdomo. Alimtazama yule mtoto mchanga, kisha akamtazama Aketch wake asiye na macho ya Aketch. Akiambiwa, atafunga mlango. Mwanamke gani hangefunga?

"Ni maombi tu," akasema. "Ya kuaga nyumba."

Aketch aliingia moja kwa moja mpaka pembeni, akachutama akiegemea ukuta wa udongo. Amolo aliweka ndara za njano nje ya kizingiti. Akaita.

"Aketch! Aketch binti Obonyo! Ni mama. Twende nyumbani."

Aliita mpaka sauti ikakauka. Mvua ilipiga mabati. Halafu, hatua ndogo za miguu mitupu zikavuka chumba, zikampita Kavetsa ambaye alipiga ukemi, na ndara zikasogea zenyewe juu ya matope. Kule pembeni mtoto akapumua pumzi ndefu ya baridi, akaanguka, akaanza kulia kilio cha mtoto aliye hai.

"Mama, mbona mliniacha?"

Amolo alimkumbatia akilia naye. Ukutani, nyuma ya mgongo wa Kavetsa, kucha zilikwaruza mara moja, kama mtu anayejikuna akitafuta usingizi. Amolo alizisikia.

"Imeisha?" Kavetsa akauliza.

"Imeisha."

"Ukiskia kuna nyumba wazi huko kwenu, nishtue kwa simu, tafadhali."

Amolo aliitikia asimtazame usoni. Nyumbani Aketch aliuliza maswali mpaka Obonyo akaziba masikio kwa furaha. Adero alipopiga simu kuuliza kama Kavetsa ameambiwa, Amolo alisema ndiyo. Kila usiku alijiahidi kwamba kesho atampigia, na kesho ikifika alikuwa na nguo za kufua.

Jumamosi moja alasiri mkokoteni ulisimama nje ya geti. Wekulo aliushusha akitweta, shati limemganda mwilini.

"Mama Aketch," akasema kwa sauti ya chini, "nguo tu na jiko. Nguo tu. Lakini hii kitu ni nzito kama ile yenu."

Nyuma yake alikuwa Kavetsa, anacheka, leso kichwani.

"Sapraizi! Nimepata nyumba hapa kwenu, mlango wa tatu. Jirani!"

Harufu ya udongo uliolowa iliingia ndani ya ploti. Jua lilikuwa linawaka.

"Kavetsa. Ukitoka, ulisema nini mlangoni?"

"Si nilifanya tu kama wewe siku ile ya maombi. Nikasimama hapo, nikasema, wote wa hii nyumba, twende nyumbani." Alimpapasa mtoto mgongoni. "Huyu ndiye hajui chochote. Amelala tangu tutoke."

Aketch alikuwa amekuja kusimama nyuma ya mamake. Alivua ndara zake za njano akazikumbatia kifuani.

Simu ya Amolo ikalia. Ilikuwa ni Okoth, mwenye kukusanya kodi kule Gatwekera.

"Mama Aketch, pole kukusumbua. Namba ya huyu msichana sina, ni yako tu iko kwa mlango. Mwambie arudi haraka." Sauti yake ilishuka. "Nyumba iko tupu, nimeifagia mwenyewe. Lakini kuna mtoto mchanga analia humu ndani."