Kisima cha Mlali

Ijumaa moja mwanzoni mwa mwaka 1994 Posta ya Dodoma ilifurika watu. Optatus, fundi wa kuchomelea wa kampuni ya kuchimba visima, alikuwa akiagiza vifaa kwa kelele ndani ya kibanda cha simu: "Vijiti vya kuchomelea, vya chuma kigumu! Kigumu!"

"Kaka, Dar es Salaam wamekusikia hata bila waya," alisema Zipora, msichana aliyeunganisha simu. Alivaa blauzi ya samawati na hereni za shaba. Optatus akacheka, akamngoja hadi alipotoka kazini.

Wakapendana. Kila jioni Optatus alimpigia Zipora kwa simu ya misheni ya Mlali, kampuni ilikokuwa ikichimba kisima.

"Leo umefanya nini, mpenzi?"

"Nimevika chuma kigumu vifundo vinavyounga bomba la kuchimbia. Linazunguka ndani ya bomba la nje linalozuia mchanga. Vifundo vikibaki na makwaruzo, vitalila bomba la nje hadi litoboke. Lazima nivisage viwe laini kama shavu lako."

"Muongo wewe!"

Mwezi wa nne simu zikakoma. Zipora akipiga, anaambiwa hayupo. Siku moja Optatus akapokea mwenyewe.

"Usinipigie tena, Zipora."

"Umepata mwingine?"

Akakata.

Mwezi wa sita Zipora akavaa kitenge chake kizuri kuliko vyote, akaenda Mlali kumwona huyo mwanamke. Alimkuta Optatus amekonda, ameketi peke yake kando ya mtambo uliosimama, akipapasa vifundo vya bomba. Viganja vilikuwa vimechubuka.

"Yuko wapi aliyekutoa kwangu?"

"Amezikwa," Optatus akasema. "Nikodemo, mwendesha mtambo wetu. Ile Jumamosi niliyokuja kwako Miyuji niliwahi basi, sikusaga vifundo. Bomba la nje likatoboka, mchanga ukaingia, la ndani likakwama. Nikodemo alipolivuta, waya wa chuma wa mtambo ukakatika ukampiga kifuani. Kampuni imeandika alikuwa amelewa. Hakuwahi kunywa, Zipora! Namsikia akiniita humu bombani, mchana kweupe."

Zipora akaikumbuka Jumamosi ile, alivyomsihi Optatus kwa simu asichelewe.

"Mkewe anajua?"

"Hapana."

"Twende."

Hana, mjane wa Nikodemo, alikuwa akipepeta uwele. Optatus akapiga magoti, akasema yote. Ungo ukatulia mikononi mwa Hana.

"Miezi miwili kanisani wananiita mke wa mlevi," akasema hatimaye. "Jumapili yaseme haya mbele yao. Kisha nisikuone tena."

Optatus akayasema, na Zipora akasimama ubavuni pake. Jumatatu kampuni ikamfukuza.

"Sina kazi," akamwambia Zipora kwenye kituo cha basi. "Na Nikodemo bado ananiita. Utaishije na mtu kama mimi?"

Zipora alikuwa ameinamisha kichwa.

"Hata mimi namsikia, tangu siku ile kwa Hana," akasema. "Peleka barua ya posa kwa baba, Optatus. Tumsikie wawili."