Mbwa Aliyerudishwa Mara Tatu

Jumamosi ile ilianza vizuri. Mwoka mikate alirudi kutoka kazini mapema kuliko kawaida, unga bado umemganda mpaka kwenye nyusi, akamkuta mkewe ameshavaa viatu vya kutokea. Binti yao wa miaka saba alikuwa ameketi kizingitini, kamba mpya ya mbwa kaiviringisha mkononi kama bangili. Nyumba nzima walimwita Kifungo, kwa sababu mama yake alikuwa fundi cherehani na yeye alizaliwa kadogo, kama kifungo cha shati.

Walikuwa wamelijadili jambo hilo mwezi mzima. Kahawa, mbwa wao, alikuwa na miaka kumi na miwili, na siku hizi kazi yake ilikuwa kulala tangu asubuhi mpaka jioni. Daktari wa wanyama alisema mzee yule haumwi kitu, upweke tu unamlemea. Apate mwenzake wa kumchangamsha.

"Tukachukue aliyekosa kwao," Kifungo alisema. "Wale wa dukani wana watu wa kuwanunua."

Kituo cha mbwa waliookolewa kilikuwa nyuma ya ghala la mbao. Mhudumu, mwanamke mwembamba aliyevaa mabuti ya mpira, aliwapitisha katikati ya vizimba huku mbwa wakibweka mpaka masikio yanauma. Katika kizimba cha mwisho alikaa mbwa mweusi mwenye kifua cheupe, hana mbio wala kelele. Alimtazama Kifungo, kisha akatazama juu kidogo ya kichwa cha Kifungo, kisha akamtazama Kifungo tena.

"Huyu," mtoto alisema.

Mhudumu aliinamia mabuti yake. "Anaitwa Kimya. Karudishwa mara tatu. Si mkorofi, hang'ati mtu. Ana sharti moja tu: mlango wa chumba anacholala usifungwe."

"Sasa walimrudishia nini?" mwoka mikate aliuliza.

"Watu hawasemi, kaka."

Walitia saini. Nyumbani, Kahawa aliamka akaja kumnusa mgeni, mkia ukienda huku na huku, na mke akacheka kwamba mzee amepata ujana. Halafu Kahawa akainua pua. Akanusa hewa nyuma ya Kimya, pale pasipo na kitu, usawa wa kiuno cha mtu mzima. Mkia ukashuka. Akatoka nje, akaenda kulala getini, na tangu siku hiyo hakuingia tena ndani.

Kwa kuwa mwoka mikate alianza kazi alfajiri, saa saba mchana alikuwa ameshafika nyumbani. Yeye ndiye aliyempokea Kifungo kutoka shule na kumpikia, mkewe akiwa bado kwenye kibanda chake cha ushonaji. Kwa hiyo yeye ndiye aliyeona.

Ilikuwa Jumatano, saa tisa na nusu. Alikuwa anaosha vyombo, mlango wa jikoni wazi, Kimya amekaa kwenye korido. Mbwa akainua kichwa na kufumba macho, kama wafanyavyo mbwa wakipapaswa. Manyoya ya utosini yakalala. Yakalala taratibu, kutoka kwenye paji mpaka shingoni, halafu yakainuka. Yakalala tena. Mtu aliyekanda unga miaka kumi na tisa anajua kitu kikibonyezwa na kiganja kinavyokuwa. Aliona mahali vidole vilipopita. Vilikuwa vitano.

Alipomweleza mkewe jioni, mke alimwekea chai na kumpapasa bega. "Baba Kifungo, mtu anayeamka saa tisa usiku siku sita kwa wiki, siku moja ataona mikate inatembea."

Akacheka naye. Alitaka sana kucheka.

Wiki ya pili Kifungo alianza kulala mchana. Alikuwa mtoto wa kurukaruka, asiyekaa kitini mpaka chakula kiishe, lakini sasa akirudi kutoka shule alivua viatu na kwenda chumbani, Kimya nyuma yake. Siku ya kwanza alilala saa moja. Siku ya pili, mbili. Siku ya tatu mama yake aliporudi alimkuta bado kitandani, akamwamsha, akamshika kichwa.

"Nani amemsuka mwanangu?"

Nywele za mtoto zilikuwa zimesukwa mistari myembamba, imenyooka, imekazwa mpaka ngozi ya paji imevutika. Asubuhi alikuwa ametoka na vishungi viwili.

"Usiniangalie mimi," mwoka mikate alisema. "Mimi hata kamba ya kiatu hunishinda."

"Bibi wa Kimya," Kifungo alisema, macho bado yana usingizi. "Anapenda kunishika. Anasema nina joto."

Mke akamtazama mumewe. Hakukuwa na mzaha tena katika nyumba ile.

Walifumua ile misuko usiku huohuo. Kesho yake mchana ilirudi. Baba mtu alikuwa amekaa mlangoni muda wote, hakuona mtu kuingia, aliona tu mtoto amelala na kichwa chake kinavutwa kidogo upande huu, kidogo upande ule. Alimtikisa. Ilimchukua muda mrefu kumwamsha. Siku iliyofuata ilimchukua muda mrefu zaidi, na mikono ya mtoto ilikuwa baridi kama sufuria iliyolala nje.

Hospitali walimtoa damu, wakampiga picha ya kichwa, wakasema hawaoni kitu. Hospitali ya pili wakasema hivyohivyo. Usiku mke alifunga mlango wa chumba cha mtoto kwa ufunguo, mbwa akiwa koridoni. Walipoamka, mlango ulikuwa umeegemezwa ukutani, na skrubu za bawaba zimepangwa sakafuni kwa mstari, ndogo kwa kubwa.

"Arudi alikotoka," mke alisema. "Leo."

Mwoka mikate alimpeleka Kimya mchana uleule, alipotoka kazini. Mbwa alipanda kwenye gari bila kuvutwa. Mhudumu alipowaona hakuuliza kitu. Alifungua kizimba, akamwingiza, akafunga. Halafu akamvuta mwoka mikate pembeni, nyuma ya magunia ya chakula.

"Nilipaswa kukuambia, kaka. Niliogopa watu wakijua hawatamchukua." Sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba ilibidi mwoka mikate ainame. "Mwenyewe alikuwa bibi mmoja, anaishi peke yake. Alifia kwenye kiti. Sisi tuliitwa siku ya kumi na tisa. Tulijua mbwa tutamkuta amekufa."

"Na hamkumkuta amekufa."

"Alikuwa amenona. Manyoya yamechanwa. Bakuli lake lilikuwa na chakula." Aligeuka kutazama kizimba. "Chakula kilikuwa cha moto."

Mwoka mikate aliuliza juu ya wale watu watatu.

"Wawili walimrudisha haraka. Wa tatu walichelewa. Walikuwa na mtoto."

Hakuuliza walichelewa vipi. Aliendesha gari kurudi nyumbani huku akijiambia kwamba yeye hakuchelewa, kwamba mbwa ameshaondoka na mambo yameisha. Alijiambia hivyo njia nzima, kwa sauti.

Saa tisa na nusu ilimkuta anaingia getini. Kahawa alikuwa amesimama, mwili unatetemeka, anatazama mlango. Aliingia ndani. Mkewe, ambaye hakwenda kazini siku hiyo, alikuwa ameganda jikoni, kiganja kimeziba mdomo, na alikuwa anatazama korido.

Kifungo alikuwa sakafuni. Amekaa pale alipokuwa anakaa mbwa, magoti na viganja chini. Kichwa kimeinuliwa. Macho yamefumbwa. Nywele zake zilikuwa zinalala, kutoka kwenye paji mpaka shingoni. Zikainuka. Zikalala tena.

Bibi hakuwa na mbwa sasa. Alikuwa amepata mwingine.

Baba alimnyakua. Alikuwa mwepesi, mwepesi mno, na hakuamka. Alipokimbia naye kuelekea mlangoni, nywele zote za mtoto zilinyooka kwa nyuma, zimekaza, kama zimeshikwa. Hakusimama. Hakuwa na cha kufanya ila kukimbia. Walipovuka geti nywele zikaanguka, lakini mtoto alibaki vilevile, pumzi inakuja na kupotea. Mke alihesabu kati ya pumzi na pumzi. Alifika kumi na nne.

Kwenye gari alimweleza mkewe habari ya yule bibi. "Kamchukue yule mbwa," mke alinong'ona. "Na umuulize mhudumu nyumba ya bibi iko wapi."

Mhudumu aliwapa mbwa. Aliwapa na ufunguo. Bibi aliiachia kituo nyumba yake, na hakuna aliyewahi kukubali kuipanga. Ilikuwa nyumba ndogo mwisho wa mtaa, rangi ya kijani iliyopauka, madirisha ya nondo, mapazia yamefungwa. Saa kumi na moja jioni, jua bado liko, watoto wa watu wanacheza mpira mtaa wa pili. Mlango wa nyuma ulikuwa umepigiwa mbao na misumari. Wa mbele ulifunguka kwa kusukumwa kidogo tu.

"Niingie mimi," mwoka mikate alisema.

"Wewe ndiye unayeweza kumbeba ukikimbia. Mimi siwezi." Mkewe alimshika uso kwa mikono miwili, mikono yenye ncha za vidole zilizokakamaa kwa sindano. "Kaa hapo na mwanangu. Usiingie hata nikikuita. Umenisikia? Hata nikikuita."

Akaingia na mbwa. Mlango ukarudi wenyewe.

Mwoka mikate alisimama barazani, mtoto kifuani, sikio kwenye ubao. Alisikia viatu vya mkewe vikienda ndani. Vikasimama. Alisikia sauti yake.

"Nimekuletea wako. Niachie wangu."

Alikandamiza sikio zaidi, hakusikia anayemjibu.

"Huyo hapana," mke alisema ndani. "Bado mdogo."

Pumzi ya mtoto ilikuwa imepotea. Alihesabu. Kumi. Kumi na tano. Ishirini. Alianza kumbembeleza kwa sauti asiyoijua, anamwomba, anamwahidi mikate ya kila namna, anamwita majina yote aliyowahi kumwita tangu azaliwe. Thelathini.

"Ndiyo," mke alisema ndani. Halafu, taratibu, kama mtu anayekubali vipimo vya nguo: "Sawa. Basi sawa."

Kifungo akavuta pumzi kama aliyetolewa majini. Akafungua macho. Akasema ana njaa.

Mlango ulifunguka na mkewe akatoka, peke yake. Akafunga kwa ufunguo, akautia mfukoni. Mwoka mikate alilia, akakaa pale barazani na mtoto mapajani, na mkewe alisimama juu yao akiwatazama kwa upole. Hakulia. Alisema tu kwamba kumeanza kuwa na baridi, warudi nyumbani.

Getini, Kahawa alimpokea Kifungo kwa kumlamba uso mzima. Alipomfikia mama, alinusa upindo wa sketi, akarudi nyuma, akaendelea kurudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia.

"Anasikia harufu ya yule mwenzake," mke alisema.

Mtoto alipona. Ndani ya wiki moja alikuwa anaruka juu ya viti, anakula vipande vinne vya mkate, na saa tisa na nusu ilipita kama saa nyingine yoyote. Mke alirudi kwenye cherehani. Wateja walisema mshono wake umekuwa mzuri ajabu, mdogo na umenyooka.

Lakini mwoka mikate hakuweza kula. Kila akishika bakuli alimwona mbwa amefungiwa ndani bila maji. Alimwambia mkewe.

"Usijali," mke alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa. "Analishwa."

Jumamosi alichukua ufunguo, akaweka nyama na chupa ya maji kwenye mfuko, akaenda. Mchana kweupe. Alifungua mlango akausukuma mpaka mwisho, mwanga ukaingia wote.

Mbwa hakuwepo. Hapakuwa na bakuli, unyoya, wala harufu. Kulikuwa na kiti kimoja katikati ya sebule, na vumbi. Vumbi la mwaka na zaidi, nene, laini, kama unga uliochungwa mezani. Juu ya vumbi kulikuwa na nyayo za mkewe. Alizijua, kisigino cha kushoto yeye mwenyewe ndiye aliyekipigilia kiraka cha mpira. Zilianzia mlangoni na kwenda mpaka mbele ya kiti.

Zilizotoka hazikuwepo.

Alitazama kila kona. Alipiga magoti akatafuta sakafuni kwa mkono. Alizunguka nje, akajaribu mbao za mlango wa nyuma, misumari ilikuwa na kutu, haijaguswa. Akasimama barazani, pale alipomwona kwa macho yake anatoka. Halafu akafanya jambo ambalo hata yeye hawezi kulieleza. Alitafuta ufagio nyuma ya mlango, akafagia nyumba nzima, akazoa vumbi lote, akapiga deki kwa yale maji ya mbwa mpaka sakafu ikang'aa. Akafunga. Akarudi nyumbani, ambako meza ilikuwa imeandaliwa na binti yake anacheka.

Hakumuuliza mkewe. Mtoto yuko hai, na swali lile lina jibu.

Alivumilia wiki tatu. Wiki ya nne akarudi, akafungua mlango, akabaki ameushika.

Sakafu ilikuwa safi kama alivyoiacha. Nyayo ndizo zilizokuwa za vumbi. Safari hii zilianzia kwenye kiti na kuja mlangoni, kiraka cha mpira kinaonekana wazi katika kila ya kushoto, na zilikoma kizingitini, ncha zimegusa mstari, mbele kabisa ya viatu vyake.

"Mama Kifungo?" alinong'ona.

Kando ya zile nyayo mbili za mwisho, mahali palipokuwa safi alipofungua mlango, sasa palikuwa na alama ya kiganja cha vumbi, chenye ncha za vidole zilizokakamaa kwa sindano.