Mushale ya Vane

Zorobabel, fundi wa mayi kule Vulamba, alisemaka eti anaweza kufunga vane macho ikiwa imefungwa, mukono moja nyuma, na ingine imeshika kikombe ya chai. Sasa mwenye kushinda mafundi yote ya Butembo, Beni na mwezi juu, alishindwa na mushale.

Ilikuwa vane papillon, donc chuma ya muviringo ya ku tiyo, bomba ya mayi, yenye kuwa na kisahani ndani: unageuza mukono yake, kisahani inageuka sawa bawa ya kipepeo, mayi inapita. Inje, ku mwili ya chuma, kuko mushale ya kuonyesha mayi inaenda wapi. Zorobabel aliifunga vizuri, mushale inaangalia quartier, kule chini batu banakaa. Akapaka bulo zote nane zenye kuikaza rangi nyekundu, ju anajua batu.

Asubui mushale ilikuwa inaangalia kilima, kule source, chemchemi ya mayi, iko.

Rangi ya bulo haikupasuka hata kidogo. Na ile mushale hapana kuandikwa na rangi, ilizaliwa na chuma yenyewe. Zorobabel aliwaza mutu moja tu: Phinées, mulinzi wa tanki, mwenye kutamani kazi yake. Comité ya mayi ilikuwa imeshasema: siku ya tano mayi ikikosa kufika, kazi inaenda kwa Phinées.

Akafungua, akageuza. Kesho yake, kilima tena. Basi akakaa pale muchana kweupe, anamulinda mulinzi, na ukungu ikashuka, na akasikia tiyo inameza, kwu, kwu, kwu, sawa mutu mwenye kiu ya miaka mia saba, na harufu ya samaki mubichi ikatoka ku chuma, sawa pirogue yote ya bavuvi ya Kyavinyonge, kule ku ziwa, imemwangwa pale, ku kilima yenye haiyaonaka samaki tangu dunia iumbwe, na chini ya mukono yake mayi ikapita, nzito, baridi, inapanda.

«Phinées, unafanya nini na hii tiyo?»

«Mukubwa, mi niko mbele yako,» Phinées akasema polepole. «Mwenye kunwa iko ndani.»

Bakamuita Mama Abigaïl wa kikundi ya sala. Aliuliza kitu moja tu: wakati ya kujenga source, baliacha katundu? Ju kule kila fundi anaacha katundu ku sima, ile ukuta ya simenti, mayi kidogo imwangike inje, ya ule mwenye alikuwa ananwa pale mbele batu bafike. Zorobabel aliziba yote. Alijisifu hata siafu haiwezi kupita.

Phinées akatoboa, mama akaomba. Vane ikalia sawa meno yenye kusagana, mushale ikageuka yenyewe, na mayi ikashuka na nguvu ya kuangusha ndoo mpaka Mulekera, kule Beni.

Mais roho ya Zorobabel haikutulia. Mama Abigaïl si ni shangazi ya Phinées? Na ile katundu, kesho Phinées hatatia tiyo yake pale? Siku ya tano akapanda peke yake, akaiziba na kijiti ya eucalyptus, akarudi anapiga miluzi.

Bibi yake Séphora, mama ya mutoto wake Luc, akamupa kikombe ya mayi. Akanwa. Mayi ikarudi ku pua, inanuka samaki. Akanwa tena, ikarudi tena, na kiu ikamushika sawa moto.

Séphora akamugusa ku shingo.

«Baba Luc,» akanong'ona, «hii ni nini?»

Zorobabel akapapasa. Chini ya ngozi, baridi na ngumu sawa chuma, kulikuwa kamushale. Kalikuwa kanaangalia juu, ku kinywa. Na ndani ya kifua yake kitu ikaanza kumeza: kwu, kwu, kwu.