Kiboksi Kilichovunjika Pini

Jumatatu, tarehe 9 Juni. Asubuhi hiyo manyunyu yalianguka bila kukoma. Kama kawaida, kabla ya kwenda shule, msichana ambaye babu yake alimwita Fundi Mdogo alimpelekea mzee huyo chai. Babu hakuipokea.

"Iweke chini, mjukuu wangu. Mikono hii sasa inaharibu kila kitu."

Msichana akainamisha kichwa. Runinga ya babu ilikuwa ya zamani, yenye kisogo kikubwa. Ili ipokee matangazo ya dijitali, fundi wa mtaani aliifungia king'amuzi, na kwa kuwa haikuwa na matundu ya nyaya za kisasa, akaviunganisha kwa kiboksi kidogo. Jumamosi, babu akiwa amesinzia, msichana alikichomoa achungulie ndani. Pini ikavunjika. Akakirudisha kimyakimya.

Babu alipoamka alikuta chenga tupu kwenye kioo cha runinga. Akabonyezabonyeza vitufe kwa vidole vyake vinavyotetemeka, kisha akasema, "Basi, nimeiua mwenyewe." Tangu hapo hakugusa hata kikombe. Mama ndiye aliyemnywesha.

Msichana alijaribu kusali ili asigundulike. Akaishia njiani. Angemwombaje Mungu amsaidie kuficha uongo?

"Hodi!" Yule fundi wa mtaani, aliyeitwa na mama, aliingia akipangusa viatu. "Mzee, kati yako na runinga hii, nani mkubwa?"

Babu hakucheka. "Ichukue ukaivunje upate vipuri, mwanangu. Mimi sistahili tena kushika kitu."

Fundi alipoinama kuibeba, msichana aliangua kilio.

"Babu, si wewe! Ni mimi niliyevunja pini!"

Mama akatoka jikoni.

"Siku mbili namnywesha baba yangu kama mtoto mchanga," mama alisema polepole, "na wewe unatazama tu?"

Fundi alikifungua kile kiboksi, akaichomelea pini. Picha ikarudi, safi. Babu aliitazama kidogo, kisha akaitazama mikono yake, machozi yakimlengalenga.

"Pini imenichukua dakika kumi," fundi alimwambia msichana. "Huzuni ya babu yako sina chombo cha kuichomelea. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajajitwisha kosa lako."

Msichana akapiga magoti mbele yao wote watatu.

"Babu, mama na fundi wanasikia. Nakuahidi, nikiharibu kitu, nitasema mwenyewe, siku hiyohiyo."