Kanisa la Kuagana

Jumamosi asubuhi Mwalimu Aketch alifagia kanisa. Alipomaliza kufagia, alichukua kitambaa chenye maji akaanza kufuta viti. Viti vilikuwa arobaini, vya plastiki, rangi ya buluu. Waumini walikuwa sita.

Kanisa lenyewe lilikuwa chumba cha kupanga mjini Rhamu, karibu na mto Daua, kaunti ya Mandera. Waumini wake walikuwa wageni walioletwa na kazi: walimu, wauguzi, makarani wa serikali. Barua ya uhamisho ikiwaleta, walikuja. Barua nyingine ikiwaita, waliondoka. Mchungaji alitoka Mandera mjini mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine Aketch, mwenyekiti wa kanisa, aliongoza ibada mwenyewe.

Huu ulikuwa mwaka wake wa tisa hapo. Alijua kila kiti kilikuwa cha nani. Kile cha dirishani kilikuwa cha Silas, aliyeimba sauti nzito. Sasa yuko Kitale. Kile cha nyuma kilikuwa cha dada mmoja aliyependa kusinzia. Sasa yuko Voi. Aketch alivifuta vyote, akavipanga kwa safu. Aliona kwamba kuviondoa ni kukubali kwamba wenyewe hawatarudi.

"Hodi, Mwalimu."

Alikuwa Mzee Rage, mwenye nyumba. Alisimama nje ya mlango, fimbo mkononi.

"Karibu, Mzee. Habari ya asubuhi?"

"Alhamdulillahi. Mwalimu, mimi naheshimu nyinyi sana. Hamna kelele, hamna ugomvi. Lakini besa ya kodi iko wapi? Miezi tatu sasa."

Aketch aliinamisha kichwa. Kodi ilikuwa shilingi elfu tano kwa mwezi. Deni lilikuwa limefika elfu kumi na tano.

"Abdimalik anataka chumba hii aweke simiti," Mzee Rage aliendelea. "Atalipa mwaka mzima kwa mara moja. Nimemwambia angoje mwisho wa mwezi. Baada ya hapo, Mwalimu, usinilaumu."

Mzee alipoondoka, Aketch alikaa kwenye kiti cha Silas. Rhamu hapakuwa na chumba kingine ambacho wangepangishwa kwa bei hiyo. Kanisa likifungwa, Jumapili yake itafanana na Jumatatu ya mtu asiye na kazi. Ataamka, atafua, atalala. Hakuna atakayemwita kwa jina mpaka shule ifunguliwe.

Jioni Sadia alipita kanisani kumjulia hali. Sadia alikuwa mtoto wa ndugu yake Mzee Rage. Alikuwa mhasibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa vitunguu, na nyumba yake ilipakana na kanisa. Alileta chupa ya chai ya maziwa yenye hiliki.

"Adeer ameniambia," alisema. Adeer ni baba mdogo au baba mkubwa. "Walaal, ndugu yangu, nyinyi watu sita mna mshahara. Mnashindwaje na kodi?"

"Sadaka ni ndogo, dada. Watu wanapungua."

"Ndogo kiasi gani? Usiniambie kwa huzuni. Niambie kwa shilingi."

Aketch alicheka bila kupenda. Alifikiri, kisha akasema kwamba mwaka huo, ukiacha kidogo kilichobaki, walikuwa wamepata kama elfu tisini na mbili.

"Zimetoka vipi?"

"Kodi ya miezi tisa, elfu arobaini na tano. Nauli ya mchungaji, elfu kumi na mbili."

"Hizo ni hamsini na saba. Nyingine thelathini na tano ziko wapi?"

Aketch alimmiminia chai. "Tuliwaaga watu."

"Kuwaaga?"

"Mtu akihamishwa, kanisa linamfanyia karamu. Tunachinja mbuzi. Tunanunua soda na zawadi. Mwaka huu wameondoka saba."

Sadia aliweka kikombe chini. "Kila mmoja elfu tano. Kila anayeondoka anaondoka na kodi ya mwezi mmoja! Hili ni kanisa au ni chama cha kuagana?"

"Usicheke, Sadia. Mtu akiondoka bila kuagwa, ni kama hakuwahi kuwa hapa."

"Sicheki. Waageni. Lakini kila anayetaka kutoa zawadi, atoe mfukoni mwake. Sadaka ililetwa kwa kazi ya kanisa. Bila karamu zile, mngelipa kodi yote na kubaki na elfu ishirini. Hiyo ni hesabu tu, haina ubaya na mtu."

Aketch alijua hesabu ilikuwa sawa. Alijua pia kwamba ndani ya sanduku la sadaka mlikuwa na elfu tano zilizotengwa kumuaga Caro, muuguzi, ambaye angehamia Nyeri baada ya wiki moja.

"Na pesa zinakaa wapi?" Sadia aliuliza.

"Nyingine kwenye sanduku. Nyingine kwenye simu ya Caro. Yeye ndiye mweka hazina."

"Caro anayehama?"

"Ndiye."

"Kwa hiyo na pesa zinahamia Nyeri?"

"Caro si mwizi!"

"Sijasema mwizi. Simu yake ikipotea njiani, au akiugua, mtamdai nani? Fungueni akaunti ya benki kwa jina la kanisa. Watia saini wawe watatu: mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Pesa isitoke bila saini za wawili. Mmoja akihamishwa, kikao kimteue mwingine, na benki iletewe kumbukumbu za kikao hicho kabla hajapanda basi. Na sadaka ihesabiwe na watu wawili, hapa hapa, mbele ya wote."

Kisha Sadia alitazama safu za viti.

"Na hivi je? Sita mnakalia. Hivi thelathini na vinne vinamsikiliza nani?"

"Vina wenyewe," Aketch alisema polepole.

"Wenyewe wako wapi?"

Aketch alinyosha safu iliyopinda kidogo.

"Ijumaa kuna aroosi: Ruweyda, binti wa jirani, anaolewa. Wanatafuta viti. Kiti kimoja ni shilingi ishirini kwa siku. Viandikeni namba. Anayekodi alipe kwanza, aweke saini, na akivunja kimoja anunue kingine."

"Watakalia viti vya kanisa kwenye aroosi?"

"Walaal, kiti hakiulizi mtu anasali wapi. Wageni wakichoka kusimama, hata wao hawataulizana."

Kesho yake, baada ya ibada, Aketch aliwaeleza wenzake yote. Justus, karani na katibu wa kanisa, alipinga.

"Caro tumuage mikono mitupu? Mimi mlipanga kunichinjia mbuzi nikihama!"

"Wewe Justus, hamu yako ni mbuzi, si uhamisho," Caro alisema, na wote wakacheka. Kisha Caro akawa mtulivu. "Sanduku la nguo mlilotaka kuninunulia, ningelifanyia nini? Ninalo. Nitakachokosa Nyeri ni nyinyi. Lipeni kodi. Na mimi nitakuwa nikituma shilingi mia tatu kila mwezi. Waulizeni na wale wengine walioondoka."

Waliafikiana. Wiki hiyo hiyo elfu tano za karamu zilipunguza deni, na Mzee Rage akakubali kungoja. Akaunti ilifunguliwa. Caro aliweka humo kila shilingi iliyokuwa kwenye simu yake, akaonyesha hesabu mbele ya kikao, na mwingine akachaguliwa mahali pake. Justus aliwaandikia wote saba waliohama. Watano walijibu siku ile ile. Silas aliahidi mia tano.

Ijumaa mkokoteni wa punda ulikuja kuchukua viti thelathini. Aketch alivitoa kimoja kimoja. Alipofika kwenye kiti cha dirishani alisita, halafu akakiweka juu ya vingine. Mkokoteni ulipoondoka, chumba kilikuwa kikubwa kuliko alivyokijua, na hatua zake zilisikika ukutani. Alikaa hapo mpaka ngoma za aroosi zilipoanza.

Alfajiri ya Jumatatu Caro alipanda basi. Walimsindikiza, wakamwombea, wakampa chapati za njiani. Hapakuwa na karamu. Aketch alilia, kama alivyolia kwa wote.

Viti vilikodishwa tena, na tena. Miezi minne baadaye deni lilikuwa limekwisha, na kwenye akaunti kulikuwa na kodi ya miezi miwili mbele. Abdimalik alikuwa amepata ghala kwingine. Mzee Rage alileta mkataba mpya wa mwaka mzima. Alikaa, akatoa kalamu.

"Mkataba ya zamani ilikuwa na jina la mwalimu fulani, akaenda zake. Sasa niandike jina lako?"

"Hapana, Mzee. Andika jina la kanisa."

"Kanisa? Nikitaka kodi, nitafuata kanisa wapi? Kanisa haina miguu."

"Ndiyo sababu haliwezi kuhamishwa," Aketch alisema.

Mzee Rage alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaandika.