Seva Ilihesabu Moja

Bajaj ilikata kona soko la Nateete na kuingia katikati ya meza za nyanya.

Wanawake wakaruka. Matusi yakafuata, ya Kiganda, ya moja kwa moja, yasiyohitaji mkalimani.

Nyuma ya Bajaj ilikuja Yamaha nyeusi. Juu yake alikuwa Safinah Marjan, jasusi wa Idara ya Tano, na hasira iliyomkaa kooni tangu mwezi uliopita. Hakupiga honi wala hakufyatua risasi. Alimbana mwanamume aliyeendesha Bajaj hadi kwenye ukuta wa duka la vipuri, kisha akamrukia.

Wote wawili chini.

Goti mgongoni. Glock kisogoni.

"Jina!"

"Swaib, mama! Swaib, nnyabo! Mimi fundi ya kompyuta tu!"

"Fundi wa kompyuta anakimbia nini?"

Safinah alimpekua. Mfukoni mwake mlikuwa na flashi ya Kingston, na Safinah aliitazama kwa chuki, maana ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Wiki nzima alikuwa amemfuata fundi huyu kutoka kibanda chake cha katikati ya mji, kwa sababu moja tu: mteja wake mpya aliitwa Hartog.

Hartog alivusha dhahabu kutoka Kongo mashariki. Aliyemzuia alizikwa. Watu wawili tu walimwona akiua kwa mkono wake mwenyewe na wakakubali kusimama mahakamani: Kasereka na mkewe, Monique. Serikali iliwaficha. Mwezi uliopita Kasereka alipigwa risasi kwenye geti la nyumba hiyohiyo aliyofichwa, ameshika mkate wa chai.

Mtu aliiuza anwani. Mtu wa ndani, wa Ofisi ya Ulinzi wa Mashahidi, pale Ntinda.

Monique alihamishwa. Anwani yake mpya ilikuwa katika faili moja tu, kwenye mfumo wa ofisi hiyo. Na jana ofisi ililetewa kompyuta mpya arobaini, na Swaib ndiye aliyeitwa kuziandaa.

"Kuna nini kwenye flashi?"

"Imeji, nnyabo. Ile nakala mama. Unatengeneza kompyuta moja, unaweka kila kitu, alafu unamwaga kwa zingine zote."

"Na Hartog alikwambia uweke nini ndani?"

Safinah akaikandamiza Glock.

"Kitu yake! Kinaangalia tu! Mtu akifungua faili, kinatuma kwake. Banange, mimi sikujua ni faili ya nani!"

"Ilishamwagwa?"

"Zote arobaini. Jana jioni."

Safinah aliangalia saa yake. Mfumo wa mashahidi ulikuwa ufunguliwe saa nne asubuhi hiyo. Faili ya Monique ingefunguliwa, na Hartog angeisoma akiwa anakunywa kahawa yake. Halafu geti jingine. Mkate mwingine.

Simu yake, Samsung yenye skrini iliyopasuka, ikatetemeka. Ujumbe ulitoka kwa Kasim, fundi wa ofisi ya Ntinda, mtu pekee pale ndani aliyemwamini. Haukuwa na salamu.

*0xC004F038*

Safinah alikunja uso. Aliujua usimbaji wa majeshi matatu. Huu hakuwahi kuuona.

Lakini Swaib, shavu lake likiwa bado matopeni, aliuona pia. Akafumba macho.

"Mungu wangu," alisema. "Zimekataa."

*

Dakika chache baadaye walikuwa ndani ya Land Cruiser ya Idara, Swaib amefungwa pingu nyuma, Kasim kwenye spika.

"Afande, nimehangaika tangu alfajiri," Kasim alisema kwa sauti ya chini. "Ufunguo wa bidhaa, ile namba ya leseni, nimeuangalia, ndio wenyewe. Saa ya mashine, sawa. Mtandao, sawa. Seva ya funguo inajibu. Lakini hakuna kompyuta hata moja inayoamilika, inayokubaliwa kutumika! Inasema hesabu haitoshi."

"Hesabu gani?"

"Seva haitoi ruhusa mpaka imehesabu mashine ishirini na tano. Hapa ziko arobaini, afande. Yenyewe inahesabu moja!"

Safinah akageuka nyuma. "Swaib. Sema."

"Sijafuta utambulisho," Swaib alinong'ona.

"Sema kama unaongea na mtu!"

"Kila kompyuta ina utambulisho yake. Kabla ya kunakili lazima ufute, ili kila moja ikiamka ijipe mpya. Usipofuta, zote zinakuwa ile moja. Seva inaona mtu mmoja anabisha hodi mara arobaini."

"Kwa nini hukufuta?"

"Nnyabo, mjini nani anafuta?" Swaib alikuwa karibu kulia. "Mimi naweka kraki, leseni ya wizi. Sisi sote tunaweka kraki! Kraki haiulizi seva, haihesabu mtu. Mteja anawasha, anaenda. Miaka yote hiyo sijawahi kukutana na seva ya kweli!"

Ama kweli. Hartog alikuwa na helikopta, alikuwa na majaji mfukoni, na alipotaka fundi akamchukua huyu wa kraki kwa sababu ni wa bei nafuu na hana maswali. Ubahili wa matajiri una adabu yake.

"Afande," Kasim alisema, "dawa naijua. Ni amri moja kwa kila mashine, unaiwasha upya, inajipa utambulisho wake. Nianze?"

"Usiguse!"

"Lakini mfumo wa mashahidi haufunguki kwenye kompyuta isiyoamilishwa. Ndiyo sheria. Na Mkurugenzi Okullo anafoka hapa kama..."

"Kasim. Zikiamilika, Monique anakufa. Umenielewa? Anakufa."

Kwenye spika ilisikika kibodi ikisukumwa kando.

"Nimeelewa, afande."

Safinah akapiga namba ya pili. Filda, mkuu wake, alipokea kabla mlio haujaisha.

"Imeji ina sumu," Safinah alisema. "Nataka kuzing'oa kompyuta zote, nizitupe barabarani."

"Ukizing'oa, aliyemuuza Kasereka atajua. Atakwenda likizo, na hutamwona tena."

"Filda, yule mtu alipigwa akiwa na mkate!"

"Najua. Ndiyo maana nakwambia tulia. Kompyuta zimegoma, na wao wanazihitaji zisigome. Nani atakuja kuzitengeneza?"

Safinah akamtazama Swaib. Simu ya Swaib, iliyokuwa mkononi mwake sasa, ilikuwa na miito tisa ya namba isiyo na jina.

"Fundi wao nimemkamata mimi," alisema polepole.

"Basi Hartog atakuja mwenyewe. Hiyo faili ya Monique niachie mimi, na nakata intaneti ya nje ya jengo sasa hivi. Wewe ingia."

*

Foleni ya Ntinda ilimpandisha Safinah hasira mpaka masikioni. Alipofika alikuwa amevaa ovaroli ya mafundi, amebeba waya begani. Saa yake ya Casio ilikuwa na kamera.

Ndani, kompyuta zilikaa kwa mistari, kila moja ikiwa na maandishi yaleyale kwenye kona ya skrini: *Amilisha.* Kasim alikuwa ameshafunga chumba cha pili na kuzima mashine zake, kama alivyoelekezwa, ili hesabu isifike kirahisi.

Mkurugenzi Okullo alikuwa katikati ya ukumbi, tai imelegea.

"Huyu nani?"

"Msaidizi wangu, ssebo," alisema Kasim.

"Msaidizi wa nini, na hamna mnachokifanya! Nimeita mtaalamu. Kaeni pembeni!"

Safinah alikaa pembeni. Alikikumbuka kichwa hiki. Kilikuwa mstari wa mbele kwenye mazishi ya Kasereka, kikilia kwa leso nyeupe, na baadaye kilimshika Monique mkono na kumwambia asiogope. Ilibidi afunge ngumi ndani ya mfuko wa ovaroli.

Mlango ukafunguka.

Hartog alikuwa mfupi kuliko picha zake. Nyuma yake lilisimama dume la mtu, koti limefura upande wa kushoto. Hakusalimia mtu.

"Kijana wangu hapokei simu," alimwambia Okullo kwa Kiswahili safi. "Nionyeshe."

Alitazama skrini moja, akatukana kwa lugha ya kwao, akaelewa. Akaanza kazi. Amri, kuwasha upya, mashine inayofuata. Amri, kuwasha upya. Casio ilimwona kila hatua.

Kwenye skrini ya seva, hesabu ikaanza kupanda.

Tisa.

Kumi na tano.

Ishirini na moja.

Kasim alitokwa jasho. Safinah hakupepesa.

Ishirini na nne.

Ikasimama.

"Bado moja," Hartog alisema. "Zingine ziko wapi?"

"Chumba cha pili, bwana," alijibu Kasim. "Ufunguo wa mlango anao mlinzi. Amekwenda kuswali."

"Vunjeni!" alifoka Okullo.

"Mlango wa chuma, ssebo."

Hartog aliitazama saa yake. Watu wa namna yake hawajui kungoja, maana maisha yao yote wengine ndio huwangoja. Alifungua begi, akatoa kompyuta yake mwenyewe, ThinkPad ya mkononi, akaichomeka kwenye mtandao wa ofisi na kuiwekea ufunguo uleule wa bidhaa.

Safinah aliielekezea Casio. Miaka miwili Idara ilikuwa ikiitafuta ThinkPad hiyo. Ndani yake: migodi, malipo, majina ya waliouawa. Na mwenyewe ameileta, akaibishia hodi seva ya serikali.

Ishirini na tano.

Moja baada ya nyingine, maandishi yale yakatoweka kwenye kona za skrini. Mfumo wa mashahidi ukafunguka.

Okullo hakungoja hata kiti. Aliinamia kompyuta ya kwanza, akaweka neno lake la siri na kuandika kwa vidole viwili. Hakutafuta faili nyingine yoyote. Aliandika *Monique*.

Faili ikafunguka.

Haikuwa na anwani. Ilikuwa na mstari mmoja, kazi ya Filda:

*Mikono juu, Mkurugenzi.*

"Ni nini hii?" Okullo alisema.

"Ni Kiswahili," alisema Safinah.

Lile dume lilitia mkono kotini. Safinah alilirushia furushi la waya usoni, akaingia chini ya mkono, kiwiko kwenye koo, goti tumboni. Bastola ya Beretta ikaanguka. Kasim akaipiga teke chini ya meza kisha akashangaa mguu wake mwenyewe.

Hartog aliruka kuelekea ThinkPad.

Glock ilimtangulia.

"Iguse," Safinah alisema. "Nakuomba uiguse."

Hakuigusa.

Okullo alikuwa ameanza kulia. Leso ileile nyeupe.

"Walinitisha," alisema. "Afande, nina watoto, wewe hujui..."

Safinah alimshika tai akamvuta hadi pua zikakaribiana.

"Alikuwa na mkate!" Sauti yake ilitikisa vioo. "Umekula kwao chakula cha matanga! Umemshika mjane mkono! Na leo umekuja kumuuza yeye pia, kabla hata hajavua nguo za msiba!"

Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio. Kasim alikiona. Okullo alikiona.

Safinah alikitoa.

"Utamsikiliza mahakamani," alisema. "Kila neno. Yeye atasimama, wewe utakaa."

Watu wa Idara waliingia kwa mlango wa nyuma. Pingu zikalia. Kasim alisimama katikati ya kompyuta zilizoamilika, amechoka.

"Hizi nifanyeje, afande?"

"Chukua ushahidi, halafu futa zote. Anza upya kwa imeji safi."

"Na utambulisho?"

"Safari hii futa kabla hujanakili," alisema Safinah, akatoka.

Nje jua lilikuwa kali na foleni ilikuwa palepale. Alivua ovaroli, akaitupa kwenye Land Cruiser, akapiga simu. Ilipokewa haraka mno.

"Dada, yaya Safinah?" Sauti ya Monique ilikuwa nyembamba. "Bamenikuta? Nitoke tena? Begi iko mukononi."

Safinah aliegemea gari. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini sasa ilikuwa na mahali pa kukaa.

"Hawajakukuta. Tumewakuta sisi. Fungua begi, Monique. Toa nguo, uzitundike."

Upande wa pili begi lilitua sakafuni. Kisha ikasikika zipu, ikifunguka polepole, mpaka mwisho.

Safinah alikata simu, akavaa miwani yake ya jua, akavuka barabara bila kuangalia magari. Magari yakasimama.