Buti Moja na Mguu Mtupu

Kila mwaka mvua zikianza, Teodomiro na mkewe Nilda huhamia kambini msituni kuokota kastanya. Kastanya ni tunda zito, gumu kama jiwe, lenye kokwa ndani. Huanguka kutoka miti mirefu kuliko mnara wa kanisa. Teodomiro huokota matunda hayo na kuyapasua kwa panga. Ni mchapakazi sana. Ila mdomo wake unachapa kazi zaidi.

Jioni moja aliwavunja mbavu wenzake kambini. Siku hiyo jirani yao Bi Herlinda, mlinzi wa msitu, alikuwa amewaita mkutanoni kuwafundisha juu ya kupotea. Teodomiro akajifunga leso ya mkewe kichwani, akabana pua, akamwigiza:

"Nyinyi wanaume, sikieni! Muage mkeo, umwambie njia unayopita! Vaa filimbi shingoni!"

"Filimbi ya nini, mama?" mmoja akachokoza.

"Ya kuwachezesha nyani mpira!"

Watu walicheka mpaka wakamwaga chai. Wakamwomba arudie. Akarudia mara nne, somo zima, mwanzo hadi mwisho.

Nilda hakucheka. "Baba Yesenia, iko siku utamlilia huyo mama unayemcheka."

"Mimi? Msitu huu naujua ndani nje!"

Asubuhi akaondoka Nilda akiwa mtoni anafua. Hakuaga. Filimbi aliiacha inaning'inia kwenye msumari.

Saa nne akaona nguruwe mwitu. Akatua kikapu, akaacha njia, akamfuata. Nguruwe akaingia kwenye tope. Teodomiro naye akaingia. Nguruwe akatoka na miguu yake yote minne. Teodomiro akatoka bila buti la kushoto.

Akageuka arudi. Njia haikuwepo. Kushoto miti, kulia miti, yote imefanana kama mapacha.

"Huyu ni Chuyachaki," akanong'ona.

Kule kwao hakuna asiyemjua Chuyachaki, pepo wa msitu. Mguu wake mmoja haufanani na wa pili, na kazi yake ni kupoteza watu. Wazee walisema dawa yake ni moja: geuza shati lako, ulivae ndani nje. Teodomiro akaligeuza. Akatembea kwa imani. Shati liligeuka kweli, lakini njia haikurudi.

Baada ya saa mbili akaona nyayo kwenye udongo laini.

"Watu!" akashangilia. Akainama aziangalie. Akaganda. Mguu wa kulia ulikuwa buti. Wa kushoto ulikuwa mtupu, vidole vitano vimetawanyika.

"Mama yangu! Chuyachaki mwenyewe!"

Akatimua mbio. Miiba ikamchana. Chupa ya maji ikaanguka, hakuirudia. Alikimbia mpaka pumzi zikamwishia, na hapo mbele yake, nyayo tena! Safari hii zilikuwa jozi mbili.

"Sasa wako wawili!" akalia, akadondoka chini.

Akautazama mguu wake wa kulia. Buti. Akautazama wa kushoto. Mtupu. Taratibu akauweka juu ya unyayo ule. Ukaenea kama kifuniko kwenye sufuria yake.

"Teodomiro," akasema, "wewe ni ng'ombe."

Akacheka. Halafu kicheko kikakatika. Jua lilikuwa linashuka. Maji hana. Hakuna mtu anayejua aliko. Mwaka juzi mwokotaji mmoja alipotea akaendelea kutembea, na hadi leo wamepata panga lake tu. Teodomiro akamwona Nilda akilini, amekaa mlangoni, anangoja mtu asiyerudi.

Bi Herlinda alisemaje? Hakuwa na kumbukumbu ya mkutano. Lakini vichekesho vyake mwenyewe alivijua neno kwa neno. Akabana pua.

"Nyinyi wanaume, sikieni! Ukipotea, simama!"

Akasimama.

"Keti! Usitembee ovyo!"

Akaketi.

"Si chini ya mti wa kastanya! Tunda ni zito kuliko akili zenu!"

Akatazama juu. Akahama mbio.

"Ezeka kibanda kwa majani ya mnazi wa porini! Usilale juu ya udongo wenye maji! Kinga maji ya mvua kwa jani pana, ya dimbwi usiyaguse! Usile tunda usilolijua. Njaa ya siku mbili haiui, sumu inaua! Usipige kelele ukakaukiwa sauti. Gonga mzizi wa lupuna! Mara tatu, nyamaza, sikiliza, kisha tatu tena!"

Lupuna ni mti mkubwa ambao mizizi yake imesimama juu ya ardhi kama kuta. Ukiigonga kwa gogo, hulia kama ngoma. Teodomiro akatii kila neno. Akajenga kibanda. Akakinga mvua, akanywa. Kisha akagonga. Du! Du! Du! Usiku mbu walimfanya karamu. Kulipokucha akagonga tena. Adhuhuri alikuwa bado anagonga, na katikati anajipa moyo.

"Nyinyi wanaume, vichwa vyenu vigumu kuliko kastanya!" alisema kwa pua iliyobanwa, kidole juu. "Na midomo yenu..."

"Endelea, mwalimu," ikasema sauti nyuma yake. "Utadhani najisikia redioni."

Alikuwa Bi Herlinda. Nyuma yake alikuja Nilda, buti la kushoto lililojaa tope mkononi. Nilda alimtupia lile buti, kisha akamkumbatia, kisha akamsukuma amtazame.

"Na hilo shati ndani nje?"

"Ni... joto tu, mke wangu."

Bi Herlinda akampa maji na unga wa muhogo uliokaangwa. "Kaka, jana jioni tulizunguka bure mpaka giza likaingia. Hatukujua umeelekea wapi. Ungemwambia Nilda njia yako, ungelala kwako. Leo tumesikia mzizi tukiwa ng'ambo ya kijito, tukaja moja kwa moja. Anayetembea huku amepotea anawakimbia wanaomtafuta."

"Wewe umejuaje yote haya, dada?"

"Nilipotea siku nne nikiwa msichana. Siku tatu nilitembea. Ya nne miguu ikakataa, nikaketi, ndiyo wakanipata."

Siku hizi msimu ukifunguliwa, somo la kupotea hutolewa na Teodomiro, leso kichwani na pua imebanwa. Bi Herlinda hukaa mbele, anamsahihisha. Watu hucheka sana, na hakuna anayesinzia. Januari hii mama mmoja wa kambi ya jirani alipotea. Aliketi, akagonga mzizi, akapatikana kabla ndizi zake hazijaiva jikoni.

Na Teodomiro hatoki bila filimbi shingoni, wala bila kuaga.

"Nilda! Naenda chooni! Njia ya kushoto, nyuma ya mpapai! Nisiporudi baada ya dakika kumi..."

"Gonga mlango mara tatu, mume wangu," Nilda hujibu, "kisha keti palepale."